Mwenye Mali na Mwenye Njaa: Kukua kwa Mafundisho Jamii ya Kanisa Katoliki

Kanisa Katoliki lina desturi ya kuhesabu umri wa mafundisho jamii yake kuanzia tarehe 15 Mei 1891, siku Papa Leo XIII alipotoa waraka Rerum Novarum kuhusu hali ya wafanyakazi. Mapapa waliofuata waliiadhimisha siku hiyo kwa maandiko yao wenyewe: Pio XI mwaka 1931, Yohane XXIII mwaka 1961, Paulo VI mwaka 1971, Yohane Paulo II mwaka 1981 na tena 1991. Anayeyasoma kwa mfululizo huo hupata picha ya mafundisho yaliyozaliwa yakiwa kamili, kila kizazi kikiongeza mifano yake tu. Wapo pia wanaosema kinyume kabisa, kwamba Leo alimtetea mwenye mali na Papa Fransisko akamgeuka, na kwamba katikati yao Kanisa lilihama kambi. Naona kila upande umeshika kipande cha ukweli. Swali la nani ana haki gani juu ya mali ndilo uti wa mgongo wa mafundisho haya yote, na jibu lake limesogea kweli. Lakini limesogea kurudi kwenye msingi wa kale kuliko Leo, msingi ambao hofu za karne ya 19 ziliusukuma pembeni. Na lililousogeza, mara nyingi, si tafakari ya Roma peke yake, bali migomo, njaa na madai ya watu waliokuwa mbali na Roma.

Hata mwaka 1891 wenyewe Roma ilifika ikiwa imechelewa. Viwanda vya Uingereza, Ubelgiji na Ujerumani vilikuwa vimewamaliza watu kwa miongo mingi: watoto wakifanya kazi zamu za watu wazima, mishahara isiyotosha pango na mkate, na vyama vya zamani vya mafundi vikiwa vimevunjwa bila kitu kuchukua nafasi yake. Mwaka 1848, mwaka ule ule wa ilani ya Marx na Engels, padre Wilhelm von Ketteler alihubiri katika kanisa kuu la Mainz juu ya swali la mali, na baadaye akiwa askofu wa mji huo aliendelea kuandika kuhusu wafanyakazi. Nchini Marekani, Kardinali Gibbons wa Baltimore aliiomba Roma mwaka 1887 isiwalaani Knights of Labor, chama cha wafanyakazi kilichokuwa na Wakatoliki wengi. Mwaka 1889 makuli wa bandari ya London waligoma, na Kardinali Manning, mzee wa zaidi ya miaka 80, akaingia kati kutafuta suluhu. Leo alikusanya mavuno ya watu hawa. Hili silisemi kumpunguzia heshima. Kuna mapapa waliokuwa na habari hizo hizo wakanyamaza.

Alichokisema juu ya mali, hata hivyo, kilibeba alama ya adui aliyekuwa mbele yake. Leo aliwaona wajamaa wakitaka kufuta umiliki binafsi, naye akaanza waraka wake kwa kuutetea kama haki ya asili. Mtu anayelima ardhi, alieleza, huacha alama ya nafsi yake juu yake, na si haki mwingine aje kuichukua. Wasomi wengi wamegundua kwamba hoja hiyo inafanana zaidi na John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza wa karne ya 17, kuliko na Mtakatifu Thoma wa Akwino ambaye Leo mwenyewe aliamuru afundishwe katika seminari. Kulikuwa pia na mlengwa wa karibu zaidi. Mmarekani Henry George, katika kitabu chake cha mwaka 1879, alikuwa amependekeza kwamba thamani ya ardhi itozwe kodi kwa ajili ya umma, kwa kuwa hakuna mtu aliyeitengeneza ardhi. Padre Edward McGlynn wa New York alimpigia kampeni na mwaka 1887 akatengwa na Kanisa. George alipousoma Rerum Novarum alijiona ndiye anayejibiwa, akamwandikia Papa barua ndefu ya wazi. McGlynn alirudishwa mwaka 1892 bila kulazimishwa kuyakana mawazo yake juu ya ardhi. Tukio hilo dogo lingepaswa kukumbukwa zaidi, kwa sababu linaonyesha kwamba hata wakati ule mlango haukufungwa kama wengi walivyodhani.

Na ndani ya waraka ule ule kulikuwa na hoja nyingine, fupi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyozaa yote yaliyofuata. Leo aliuliza kama mshahara unakuwa wa haki kwa sababu tu tajiri na kibarua wamekubaliana. Wachumi wa siku zake walijibu ndiyo: pande mbili huru zimepatana, basi. Yeye alijibu hapana. Juu ya mapatano yao ipo haki ya asili iliyo kubwa zaidi, kwamba ujira usipungue kiasi cha kumlisha mfanyakazi mwenye kiasi na adabu. Na mtu anayekubali chini ya hapo kwa kubanwa na shida amelazimishwa, hajakubali. Ukitafakari, hoja hii haiwezi kuishia kwenye mshahara. Kama hitaji la mwanadamu kuishi linaweza kuipinda nguvu ya mkataba, basi linaweza pia kuipinda nguvu ya hatimiliki, kwa kuwa hatimiliki nayo ni makubaliano ya wanadamu yanayolindwa na sheria. Leo hakufika huko. Waliomfuata walifika, hatua kwa hatua, wakimtumia yeye mwenyewe.

Waliporudi nyuma walikuta njia imekwisha kuchongwa. Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba ni halali mtu kuwa na mali yake, kwa sababu kila mtu hutunza vizuri zaidi kilicho chake na amani hudumu pale ambapo mipaka inajulikana. Lakini mgawanyo huo ni mpango wa akili ya wanadamu, haukutajwa na maumbile yenyewe, na katika matumizi mtu anapaswa kuihesabu mali yake kuwa ya wote, awe tayari kumpa mwenye shida. Alikwenda mbali zaidi: anayekaribia kufa kwa njaa akichukua chakula cha mwingine, hajaiba. Mababa wa Kanisa wa karne ya nne, Basili kule Kaisarea na Ambrosi kule Milano, walisema kwa ukali zaidi kwamba tajiri anayempa maskini anarudisha deni. Ketteler alikuwa amesimama juu ya mafundisho haya haya mwaka 1848. Kwa hiyo anayesema Kanisa lilikuwa daima upande wa hatimiliki anaanza hesabu yake katikati ya safari.

Pio XI, akiandika mwaka 1931 dunia ikiwa imeporomoka kiuchumi, alianza kurekebisha uwiano. Mjesuiti kijana wa Kijerumani, Oswald von Nell-Breuning, ndiye aliyeandaa sehemu kubwa ya rasimu. Waraka huo, Quadragesimo Anno, ulisema mali ina sura mbili, ya mtu na ya jamii, na kwamba anayeikana moja huangukia kwenye kosa la upande wa pili. Uliona pia jambo ambalo Leo hakuliona: nguvu ya uchumi kukusanyika mikononi mwa wachache ambao mara nyingi si wenye mali hata kidogo, ni wasimamizi wa fedha za wengine. Na ulitoa kanuni auni, kwamba kile ambacho familia, kijiji au chama kinaweza kukifanya chenyewe, mamlaka ya juu isikinyang'anye. Udhaifu wake ulikuwa katika dawa. Ulipendekeza jamii ipangwe kwa mabaraza ya kila fani, tajiri na mfanyakazi wakikaa pamoja, na madikteta wa Kikatoliki kama Dollfuss wa Austria na Salazar wa Ureno walilichukua pendekezo hilo kuwa vazi la utawala wao. Tangu hapo mapapa wamekuwa waangalifu kutoa ramani ya dola, na nadhani wamefanya vyema. Miaka 10 baadaye, katika hotuba ya redio ya Juni 1941, Pio XII alitamka wazi kwamba haki ya kila mtu kutumia vitu vya dunia ni ya kwanza, na kwamba umiliki binafsi umewekwa kuihudumia. Hakuna aliyewahi kumshutumu Pio XII kuwa mjamaa. Hilo ndilo linalonishawishi kwamba mwendo huu haukuwa kuyumba kuelekea mrengo wa kushoto. Ulikuwa ni kurudisha mambo kwenye mpangilio wake.

Kisha swali lenyewe likapanuka. Hadi miaka ya 1950 mfanyakazi wa nyaraka za kipapa alikuwa Mzungu wa kiwandani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipokutana kati ya 1962 na 1965, maaskofu wa Amerika ya Kusini, Asia na Afrika walikuwa wamekaa ukumbini, akiwemo Laurean Rugambwa wa Tanganyika, kardinali tangu 1960. Hati yao Gaudium et Spes iliweka ukurasani fundisho lile la kale la Thoma kuhusu mwenye njaa. Paulo VI, aliyekuwa amezuru Amerika ya Kusini mwaka 1960 na Afrika mwaka 1962 kabla ya kuchaguliwa, aliongeza hatua iliyowashtua wengi. Katika Populorum Progressio ya tarehe 26 Machi 1967 alisema umiliki binafsi si haki isiyo na masharti, na kwamba mafao ya wengi yanaweza wakati mwingine kudai mashamba makubwa yatwaliwe, pale yanapokuwa yameachwa bure au yanawaletea watu umaskini. Gazeti la Wall Street Journal liliuita waraka huo Umarx uliopashwa moto. Waliosema hivyo hawakuwa wamemsoma Ambrosi, ambaye Papa alikuwa amemtaja kwa jina katika ukurasa uo huo.

Wiki saba tu kabla ya waraka huo, tarehe 5 Februari 1967, lilitangazwa Azimio la Arusha. Mwandishi wake mkuu, Julius Nyerere, alikuwa Mkatoliki wa kuhudhuria misa, na ingawa Ujamaa wake aliuchota kwanza katika maisha ya jamaa ya Kiafrika, ukaribu wa mawazo hauwezi kufichika: yeye na Paulo VI wote wawili walikataa kwamba wachache wamiliki njia za kuishi za wengi. Mwaka 1970, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, Nyerere alilitaka Kanisa lishiriki waziwazi kupinga mifumo inayowaweka watu katika umaskini, la sivyo lingepoteza maana mbele yao. Lakini mafundisho yaleyale yaliyouunga mkono Ujamaa katika shabaha yana neno kuhusu njia. Tangu mwishoni mwa 1973, kuishi katika vijiji kulipotangazwa kuwa amri, mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa nguvu, wakaacha mashamba na makaburi ya wazee wao. Kanuni auni ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya saa kama hiyo. Kijiji kinachojengwa na wanakijiji ni jambo moja; kijiji kinachojengwa na mkuu wa wilaya kwa malori ni jingine, hata kama ramani yake ni ile ile. Ndiyo sababu siwezi kukubaliana na wanaoyasoma mafundisho haya kama baraka ya ujamaa wa dola. Yanamwekea mipaka tajiri, na yanaiwekea mipaka serikali kwa sababu ile ile: mtu wa kawaida asigeuzwe chombo.

Yohane Paulo II alizijua pande zote mbili kwa mwili wake. Alikuwa kibarua wa machimbo ya mawe wakati Wajerumani walipoikalia Poland, kisha askofu chini ya Wakomunisti. Januari 1979, akiwahutubia maaskofu wa Amerika ya Kusini huko Puebla, Mexico, alisema juu ya kila mali binafsi kuna rehani ya kijamii. Waraka wake Laborem Exercens, uliopangwa kutoka Mei 1981, ulichelewa hadi Septemba kwa sababu alipigwa risasi siku mbili kabla ya tarehe yake. Wakati huo chama cha Solidarność kilichoanzia Gdańsk mwaka 1980 kilikuwa kinatikisa nchi yake. Ndani ya waraka huo alisema mtaji wote ni matunda ya kazi za watu, kwa hiyo kazi hutangulia mtaji, na haki ya kumiliki iko chini ya haki ya wote kutumia. Mwaka 1991, ukuta wa Berlin ukiwa umeanguka, alisifu soko huru na ubunifu wa mjasiriamali kuliko papa yeyote kabla yake, na wafuasi wa ubepari wakatangaza ushindi. Walisoma nusu. Waraka huo huo, Centesimus Annus, ulisema umiliki wa siku hizi ni wa ujuzi na teknolojia zaidi kuliko wa ardhi, na kwamba watu wengi sana wa nchi maskini wamebaki nje ya duara hilo kabisa.

Pingamizi linalostahili jibu la kina linatoka kwa Wakatoliki wenyewe: kama fundisho linaweza kubadilika, lina mamlaka gani? Hapa sioni faida ya kuficha historia. Mwaka 1866 ofisi ya Roma inayosimamia mafundisho ilijibu kwamba utumwa, ukiangaliwa kwa wenyewe, haupingani na sheria ya maumbile. Miaka miwili tu baadaye Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni Bagamoyo na kujenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, kwenye pwani ile ile ambako misafara iliishia. Mwaka 1888 Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazil kuulaani utumwa, na Kardinali Lavigerie, ambaye wamisionari wake walikuwa tayari kando ya maziwa ya Tanganyika na Viktoria, akazunguka miji mikuu ya Ulaya akiupigia kelele. Mwaka 1965 Mtaguso uliuweka utumwa katika orodha ya aibu za wanadamu. Hayo ni masahihisho. Lakini tazama yalielekea wapi: mwanadamu alitolewa katika orodha ya vitu vinavyoweza kumilikiwa, kwa sababu heshima ya mtu, iliyofundishwa tangu mwanzo, hatimaye ilipewa uzito wake. Fundisho linalojisahihisha kwa kufuata msingi wake linastahili kuaminiwa kuliko lile linaloogopa kuguswa. Wanaojifanya hakuna kilichowahi kubadilika wanalifanya Kanisa lionekane lina jambo la kuficha.

Fransisko hakuleta msingi mpya. Aliposema katika Fratelli Tutti ya 2020 kwamba umiliki binafsi ni haki ya asili ya daraja la pili, alikuwa akimrudia Yohane Paulo na, nyuma yake, Thoma. Jipya lilikuwa mahali aliposimama akisema. Novemba 2015, katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, mtaa wa Kangemi, Nairobi, aliwalaumu waendelezaji wasiojulikana sura wanaohodhi ardhi na hata kujaribu kunyakua viwanja vya michezo vya shule. Kila Mkenya aliyemsikiliza alijua anazungumzia nini; ripoti ya tume ya Ndung'u ilikuwa imeanika unyakuzi wa ardhi ya umma tangu 2004. Kinshasa, Januari 2023, alizitaka nchi za nje ziache kuichuma Kongo kana kwamba ni mgodi usio na wenyewe. Na Papa aliyemfuata, alipochaguliwa Mei 2025, alieleza kuwa amejiita Leo XIV akimkumbuka Leo wa 1891, kwa kuwa akili bandia inaleta mapinduzi mapya katika kazi za watu.

Wachumi husema yote haya ni maneno mazuri yasiyo na kipimo: mshahara wa haki ni shilingi ngapi, shamba liwe la ekari ngapi ndipo liitwe kubwa mno? Pingamizi hili lina uzito, na waraka hauwezi kulijibu wala haupaswi. Yaliyozipata Austria na Ureno yanaonyesha hatari ya papa kuchora katiba. Hata hivyo si kweli kwamba kanuni bila tarakimu haina nguvu. Inabadilisha nani anayepaswa kujieleza. Ikiwa hatimiliki ni neno la mwisho, basi ni mkulima asiye na ardhi anayetakiwa kueleza kwa nini avumiliwe kwenye shamba lililoachwa vichaka miaka 20. Ikiwa matumizi ya wote yanatangulia, ni mwenye hati anayetakiwa kueleza. Bunge, mahakama na baraza la kijiji vinaweza kukokotoa ekari. Havitakokotoa kamwe mpaka vikubaliane kwanza nani anadaiwa maelezo.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la mwisho, nalo halitoki kwa wachumi. Kanisa lenyewe ni mwenye ardhi mkubwa katika Afrika Mashariki, ardhi nyingine iliyopatikana chini ya tawala za Wajerumani na Waingereza, na ni mwajiri wa walimu, wauguzi, wapishi na walinzi. Sinodi ya maaskofu ya mwaka 1971 ilikiri kwamba anayetaka kuwahubiria watu haki lazima kwanza aonekane mwenye haki machoni pao, na ikasema wanaolitumikia Kanisa, walei wakiwemo, wapewe riziki ya kutosha na hifadhi ya jamii. Zaidi ya nusu karne imepita, na makatekista wengi wa vijijini, wanaoongoza ibada pale padre anapofika mara moja kwa mwezi, bado wanaishi kwa posho au kwa sadaka ya kujitolea. Hili haliyabatilishi mafundisho, kama vile hakimu mla rushwa asivyoibatilisha sheria. Lakini linaonyesha hatua inayofuata itakakotoka. Jimbo linaloweza kuwaeleza waamini wake kila ekari inalimwa na nani na kwa faida ya nani, na linalomwandikisha katekista katika mfuko wa pensheni kama mwajiriwa mwingine yeyote, litakuwa limeyapeleka mafundisho haya mbele kuliko waraka wowote ujao, maana hivyo ndivyo yalivyokwenda tangu makuli wa London: kuna mtu aliyetenda kwanza, kisha Roma ikaandika.